Tangazo la Saa Sita

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi nimebaki utambi bila nta, ila mkono bado unaandika. Wewe na goti lako mnaendeleaje?

Mimi ndiye niliyekuponza. Mkurugenzi wa idara ya maji aliagiza tangi la mji lifunguliwe lioshwe saa sita usiku. Mimi, katibu msomi, nikapiga chapa tangazo la "12 PM", nikiamini usiku wote ni PM. Kumbe hiyo ni adhuhuri. Wewe, fundi wa tangi, ukafungua mchana, maji yakakatika, mji mzima ukabaki na povu la sabuni mwilini. Kabla hawajakuhoji, nikalibandua lile tangazo, nikabandika lenye "12 AM". Ukafukuzwa kazi, ukabaki na jina la Saa Mbovu.

Tarehe kumi na nne wastaafu wa idara tunakutana. Nitasema mbele yao. Wanangu wananikataza. Wajaribu kunifunga kamba!

Dada yako

7 Machi

Dada,

Shikamoo. Goti linauma, asante kwa kuuliza.

Kumbe! Miaka yote najiona chizi niliyesoma kisichoandikwa. Na wewe unakuja kwangu, unakula, unaniita Saa Mbovu kama wenzako!

Lakini na mimi niseme kweli: hiyo PM sikuijua. Nilibahatisha. Hata ungeandika AM ningefungua mchana, maana nani huosha tangi gizani? Basi acha, usijiaibishe uzeeni.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, nisipopanda ngazi.

Kubahatisha kwako hakunisafishi. Ulikuwa na haki ya kuonyesha ukutani palipoandikwa, na haki hiyo niliibandua mimi. Nikasirikie upendavyo, hata usije kunizika. Nitakwenda, hata kwa kubebwa kama gunia.

Dada yako mkaidi

17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nasikia tangu jana hufumbui macho. Binti yako akusomee hii sikioni.

Nilikuja mkutanoni. Nilisimama nyuma, karibu na mlango, bado nimekukasirikia. Ulisema yote, hukupunguza neno. Mkurugenzi alipokwambia, "Mama, hayo yamepita," ukamjibu, "Yamekupita wewe. Keti!" Akaketi, na mimi nikatoka nje nisije nikalia mbele za watu.

Mhasibu wetu wa zamani alinikimbilia barabarani akiniita kwa jina langu, lile alilonipa baba. Aliita mara tatu. Sikugeuka, dada. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Mdogo wako