Pikipiki Inayokataa Maziwa

S.L.P. 18,
Garsen.
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa dada Abdia,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Liban, pamoja na huyo binti yenu Ubah ambaye naambiwa ameota meno na anauma kila mtu. Baridi ya asubuhi huko Isiolo imepungua? Sisi huku ni wazima, ila jua. Nyasi zimekwisha mpaka karibu na mto, na vumbi tunalila kuliko ugali. Mama hajambo. Goti linamsumbua akiinuka, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona amelazwa. Mitungi yote ya maziwa bado anaifukiza mwenyewe kila alfajiri, hataki msaada wa mtu. Wenye hoteli wa Garsen wanayataka maziwa ya kwetu kwa sababu hiyo. Wanasema chai bila ule moshi si chai.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Dada, kwenye simu siwezi kusema. Unamjua mama, ukipiga anataka tuweke sauti kubwa, na hapo haondoki mpaka tumalize. Kadra, binti wa jirani, anasafiri Ijumaa kumfuata mumewe huko kwenu, nimemwomba akubebee. Soma peke yako kwanza.

Ni ile pikipiki. Imenishinda.

Asubuhi naiwasha, inawaka vizuri kabisa, kama siku ile uliponinunulia. Nafunga mitungi ya maziwa, natoka. Nikishafika tambarare nikaipa mwendo, inaanza: inakohoa, inarukaruka, halafu inazima. Nasimama, natukana, Mungu anisamehe, nangoja dakika kumi. Naiwasha, inawaka! Inakwenda kidogo, inazima tena. Na jioni nikirudi na mitungi mitupu, haina neno hata moja. Sasa huo ni ugonjwa gani? Mama anasema pikipiki inakataa maziwa. Anasema haikusomewa dua, ililetwa ikapandwa siku hiyo hiyo. Nilicheka. Lakini juzi nilipokuwa nimesimama peke yangu penye kile kichaka cha mti wa mswaki, na lita sitini zinachacha nyuma yangu, sikucheka.

Fundi wa kwanza alitafuta kabureta mpaka adhuhuri. Haina kabureta! Nikaenda kwa Kaviha, Mpokomo mwenye kibanda karibu na stendi, huyo angalau anajua. Alinieleza kwamba pampu iko ndani ya tangi, inasukuma petroli, na kompyuta ndogo inapima kiasi cha kunyunyizwa kwenye injini. Ikiumwa, taa ya manjano inawaka pale mbele. Dada, taa haiwaki. Mimi nasukuma pikipiki juani, nayo inasema ni nzima.

Mashine ya kuipima iko Malindi, na pesa ya kuipeleka huko hatuna, kwa hiyo Kaviha alisema tuanze na vitu vya bure. Alinipa plagi ya pikipiki yake nikashinda nayo siku nzima, hakuna kilichobadilika. Akavua chujio la hewa, likatoka vumbi la kujaza bakuli, nikamshukuru na kumwombea dua. Kesho yake ikazima penye mswaki ule ule. Tukaangalia betri, tukakaza nyaya. Mswaki ule ule. Sasa hivi hata mbuzi wa pale wananijua.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijivunii. Petroli nanunua kwa Iha, yule Mgiriama anayeuza kwa chupa pale Idsowe. Nilijiambia kwamba huyu ananiuzia maji. Jumamosi nikaenda, nikachukua chupa moja nikaimwaga miguuni pake mbele ya watu, na maneno niliyosema siyaandiki. Iha alichukua mchanga akafunika yale mafuta mtu asije akapita na sigara.

Sasa kiini chenyewe. Wanawake wa hapa kijijini walinikalisha wiki iliyopita, wote kumi na mmoja wanaonipa maziwa. Hawakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Walisema Ramadhani haijabakiza hata wiki nne, na mwezi huo ndio wanaoutegemea mwaka mzima. Kama pikipiki haitakuwa imepona, maziwa watampa mtu mwingine. Wana haki. Yakichacha njiani hasara ni yao, mimi napoteza jina tu.

Kuna mtu wa Tarasaa anataka kuinunua kama ilivyo, kwa bei ya kutupa. Lakini ile pikipiki ni ng'ombe wako. Uliuza mitamba wako watatu, uliomwachia mama ulipoolewa, ili mdogo wako aache kuranda sokoni. Siwezi kuiuza bila kauli yako. Niambie la kufanya, kwa maana mimi sijui tena. Najiona mjinga.

Alhamisi

Dada, usijibu kwanza. Sikuichana barua kwa sababu karatasi ni hii hii, na nataka uone mwenyewe jinsi nilivyokuwa kipofu.

Jana nilikwenda kumwambia Kaviha kwamba nauza. Akasema nimwachie nusu siku tu. Aliwasha ufunguo bila kupiga stata, akaniambia nisikilize. Pampu ilinung'unika kidogo tu, kwa shida. Akanyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi, akaitia kwenye chupa ya maji isiyo na rangi, akaiweka kivulini, tukanywa chai. Tuliporudi, chini ya chupa kulikuwa na weusi. Akausugua kwa vidole, vikawa vyeusi. Haukuwa mchanga wala kutu. Ni masizi.

Akatoa pampu. Chujio lake dogo lilikuwa jeusi kama tako la sufuria. Ndipo nikaelewa, na wewe uelewe ili usinicheke peke yangu: nikiwa na mzigo injini inataka petroli nyingi, na chujio limezibwa, linapitisha kidogo. Nikirudi bila mzigo, kile kidogo kinatosha. Nikingoja dakika kumi, uchafu unatulia chini, inawaka. Maziwa hayakuwa na kosa lolote. Kaviha aliliosha kwa petroli safi, akalipuliza kwa mdomo taratibu, akarudisha kila kitu. Hakutaka malipo ila lita moja ya maziwa. Kisha akaniuliza, huku akicheka, kama kwetu hata petroli tunaifukiza. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Akaniambia niangalie chombo ninachowekea.

Chombo ni mtungi mdogo wa manjano nilioununua miezi miwili iliyopita, ili petroli iwepo nyumbani nisichelewe asubuhi. Miezi miwili, dada. Na pikipiki ilianza kukohoa lini? Sikuwahi kujiuliza.

Leo baada ya swala ya alfajiri sikukaa msikitini kuongea kama kawaida yangu. Nilirudi moja kwa moja. Nikamkuta mama nyuma ya nyumba, amechutama na goti lake hilo, vijinga vinafuka moshi. Mitungi ya maziwa imepangwa, na mtungi wa mwisho kwenye mstari, umepinduliwa mdomo chini juu ya makaa, ni ule wa petroli.

Nilikimbia nikaupiga teke ukaruka huko, na nikapiga kelele. Dada, mimi sijawahi kumpigia mama kelele tangu nizaliwe. Alijikunja akafunika uso kwa mkono. Akaniambia kwamba ulikuwa unanuka, na kila ukiwa mtupu huuosha kwa maji moto na majivu, huuanika kutwa nzima, ndipo huufukiza. Akaniuliza kama si humo pikipiki yangu inamokula. Kinachotulisha wote atakiachaje kinanuka?

Nilichukua maziwa nikaondoka. Pikipiki ilipita pale penye mswaki na mzigo wote bila hata kikohozi kimoja, na mimi niliyekuwa nikiiombea siku hiyo miezi miwili sikuona furaha. Nilikuwa nawaza yale makaa tu. Pengine ni yale maji na lile jua vilivyomwokoa, pengine ni Mungu tu. Miezi miwili nalalamika pikipiki inakohoa, na kila mtungi ukiisha mama yetu anauinamia juu ya moto. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hilo husemwa kwa adui. Hili langu silijui jina lake. Nacheka, kisha machozi yananitoka.

Kwa Iha nilipita nikirudi, na maziwa mkononi, nikaomba radhi mbele ya wale wale waliosikia matusi. Akasema ameyapokea ila atayachuja kwanza. Watu wakacheka, nikacheka nao. Ule mtungi sasa unakaa kwake, haurudi nyumbani kamwe. Wanawake nimewapa habari, na maziwa ya Ramadhani ni yetu. Mtu wa Tarasaa atafute pikipiki kwingine.

Lakini mama tangu asubuhi hasemi na mimi. Anadhani nilimpigia kelele kwa ajili ya chuma. Anadhani ameua mitamba wako, nimemsikia akijiambia hivyo peke yake jikoni. Mara tatu nimeanza kumweleza habari ya petroli na moto, nikaishia kumuuliza habari ya goti. Nakuomba, Kadra akishakupa barua hii, piga simu, nami nitaweka sauti kubwa kama anavyopenda. Mwambie wewe. Mwambie petroli hukaa ikinuka na ndivyo inavyotakiwa. Mwambie sikukasirika, niliogopa.

Nisalimie shemeji Liban, na mjukuu wa mama umbusu kwa niaba yangu, ila ujihadhari na meno. Kaviha, ambaye hujamwona, anakusalimu. Mwenyezi Mungu awafikishe Ramadhani mkiwa na afya, awalinde na yale mnayoyaona na yale msiyoyaona. Mama hajui kwamba naandika, ila najua salamu zake kwako haziishi. Amepita hapa sasa hivi, amesimama nyuma yangu kidogo, kisha ameniwekea kikombe cha chai. Mikono yake inanuka moshi, alhamdulillahi.

Ndimi mdogo wako, kichwa kigumu, anayekupenda,

Nuh