Kadi Namba Tatu

Jumanne, 6 Agosti 1996

Likizo imeanza vizuri. Sista Jescah, muuguzi wa zahanati yetu hapa karibu na Ekero, ameniomba niandike daftari la redio. Anasema hawezi kushika kipaza sauti, mkono wa mgonjwa na kalamu kwa wakati mmoja. Na mwandiko wangu unasomeka.

Kazi iko hivi. Saa nne asubuhi Daktari Chepng'etich anaketi kwenye redio yake huko hospitali ya misheni, ng'ambo ya Bukura. Zahanati zinamwita moja moja. Sista anaeleza ugonjwa, Daktari anajibu, dawa inatolewa. Mwaka jana zilikuwa zahanati mbili. Leo nimehesabu tisa.

Mgonjwa wa tatu alikuwa Mama. Mimba ya miezi saba, presha imepanda. Daktari ameamuru apimwe kila baada ya siku mbili, vidonge viongezwe. Bila redio angelazwa Kakamega hadi ajifungue. Baba yuko zamu kwenye kiwanda cha sukari. Wadogo zangu wangebaki na mimi — na Kidato cha Pili kingeendelea bila mimi.

Alhamisi, 8 Agosti

Aibu leo.

Redio yetu haisikiki na Daktari peke yake. Makarani wa yadi ya miwa wana redio ya kuita matrekta, na sauti zetu zinawafikia. Wakikosa kazi wanatusikiliza. Kwa hiyo Sista hataji majina ya wagonjwa. Anataja namba za mashamba yao ya miwa. Aliona hiyo ni siri ya kutosha.

Jana alisema: shamba mia mbili kumi na nne, anahisi moto akikojoa. Kufikia saa sita, soko zima la Ekero lilikuwa likimuuliza Mzee Makhanu kama moto umezimika.

Leo amekuja. Hakukubali kiti.

"Sista, hiyo namba imepakwa rangi kwa kigingi, iko barabarani. Inasomwanga kwa mzani wa miwa kila mtu akisikia. Afadhali ungesema tu Makhanu. Makhanu tuko wanne hapa. Mia mbili kumi na nne ni mimi peke yangu."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona macho yake.

Sista aliomba radhi mara mbili. Mzee akasema radhi ataipeleka mjini, kwa wakubwa wa Sista.

Jumatatu, 12 Agosti

Barua imefika kutoka mjini. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Makosa ni matatu. Kwanza, leseni ya redio ni ya kuita magari ya misheni, si ya kutibu watu. Pili, siri za wagonjwa zinatangazwa. Tatu, dawa zinatolewa kwa sauti tu, hakuna sahihi ya daktari. Asiporidhika, redio inazimwa siku hiyo hiyo.

Presha ya Mama leo: 150 juu ya 100.

Sista aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja. "Hawajadanganya mahali popote," akasema. Nilidhani atalia. Akaniuliza kama nina rula.

Nikamwambia jambo ambalo nimelifikiria tangu Alhamisi. Kwenye mtihani wa wilaya hatuandiki majina. Tunaandika namba ya mtihani, na ukirudia mtihani unapewa namba nyingine. Anayesahihisha hajui wewe ni nani. Kwa nini mgonjwa asiokote kadi kwenye mkebe, namba mpya kila anapokuja? Orodha ya majina ikae ndani ya kabati, ufunguo ukae na Sista.

 Sista akamwaga majani ya chai kutoka kwenye mkebe.

Jumanne, 13 Agosti

Nimepiga mistari kurasa arobaini. Saa. Kadi. Maneno ya muuguzi. Amri ya daktari. Imesomwa tena? Sahihi. Na mahali pa mgonjwa kukubali kwanza, kwa kalamu au kidole gumba. Kisha nimenakili kutoka daftari la zamani amri zote za Daktari tangu Januari: mia tatu na kumi na mbili. Vidole vimevimba. Sista anazipeleka kesho hospitali zitiwe sahihi.

Jioni alipita kwa Mzee Makhanu na mkebe mkononi. Sijui walisemezana nini. Alirudi na papai.

Alhamisi, 15 Agosti

Sista amerudi. Daktari Chepng'etich ametia sahihi mia tatu na moja. Kumi na moja amezikataa. Hakumbuki kama alisema hivyo, na hawezi kutia sahihi kitu asichokikumbuka.

Mzee Wanzala, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alikasirika.

"Amri kumi na moja ni nini? Si uzichomoe tu. Mkaguzi atahesabu?"

"Hatahesabu," Sista akasema.

"Basi."

"Basi zitabaki, Mzee. Mideva, una kalamu nyekundu?"

Ninayo. Nimeandika mara kumi na moja: haijathibitishwa.  Kila neno jekundu nililiona kama siku moja ya Mama wodini. Lakini niliandika vizuri, bila kufinya herufi.

Ijumaa, 16 Agosti

TUMESHINDA. Nieleze kwa utaratibu.

Mkaguzi ni Bwana Kipsang, mrefu, mpole, hacheki. Alikataa chai. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akafika kwenye wino mwekundu, akasimama hapo. Mzee Wanzala alikohoa.

"Nani ameandika hivi?"

Nilisimama kama darasani. Nikasema ni mimi, Mideva.

"Hizi mngeweza kuzificha."

"Tungeweza," Sista akasema.

 Saa nne ilifika, mkaguzi akataka kuona kazi. Mama aliokota kadi ndani ya mkebe. Namba saba. Sista alieleza, Daktari akajibu, Sista akasoma tena, mimi nikaandika. Ndipo Bwana Kipsang akachukua kipaza sauti, akaita yadi ya miwa.

"Yadi, mnasikia? Huyu kadi namba saba ni nani?"

 Ikaja sauti ya karani, akiwa amesahau kwamba hapaswi kusikiliza:

"Hatujui, Bwana. Siku hizi hawa watu hawana utamu."

Watu kwenye benchi walicheka hadi Mama akashika tumbo. Mzee Makhanu alikuwepo pia, na kadi yake mfukoni. Yeye ndiye aliyecheka zaidi. Hata Bwana Kipsang aliangalia dirishani kwa muda.

Uamuzi: kibali cha siku tisini, wakati leseni mpya inaombwa. Masharti: amri zitiwe sahihi kila wiki, muuguzi peke yake ndiye azungumze redioni, kila neno la redioni liandikwe, na mwandishi ale kiapo cha siri. Nimeapa leo, Biblia mkononi. Alipoondoka alibeba ukurasa mmoja mtupu wenye mistari yangu. Anataka zahanati zote tisa zifanye hivyo.

Kwa hiyo hata hapa sitaandika tena habari za wagonjwa. Za Mama tu. Nimemuomba, amekubali.

Jumatano, 21 Agosti

Kibali kimefika, kina muhuri. Mzee Wanzala amekipigilia ukutani na anamwonyesha kila anayeingia mahali pa kusoma. Anasema daima tulikuwa na msimamo.

Mama 140 juu ya 90. Nimeishonea sare yangu kifungo.

Ijumaa, 23 Agosti

Naandikia kwenye benchi ya zahanati, daftari la redio liko kwenye goti lingine.

Mama aliamka na kichwa kinamuuma na macho yanaona nyota. Tulifika saa tatu na nusu. 170 juu ya 110. Aliokota kadi mwenyewe. Namba tatu.

Daktari alitoa amri: sindano sasa, gari la hospitali linaondoka. Kisha: "Ekero, nisomee tena, ova." Sista alikuwa amemshika Mama kwa mikono yote miwili. Kipaza sauti kilikuwa karibu yangu. Nilikishika — nikakumbuka sharti ukutani. Nikakipeleka mdomoni mwa Sista, nikabonyeza, na kwa mkono mwingine nikaliinua daftari mbele ya macho yake. Alisoma neno kwa neno. Daktari akasema sawa.

Sindano imeingia saa nne na dakika kumi na tano.

Saa nne na dakika hamsini: 160 juu ya 105. Mama ameniuliza kama nimewapa watoto uji. Nimewapa.

Saa tano na dakika tano Daktari alisema gari limevuka Bukura. Msimu huu barabara imejaa matrekta ya miwa hadi Ekero. Kila mtu hapa anajua gari linaweza kukwama.

Sasa redio imelia tena. Si Daktari.

"Zahanati, hapa yadi. Tulikatazwa kuwasikiliza, mtusamehe. Hatujui kadi namba tatu ni nani. Matrekta yote yako kando ya barabara, yamezima. Gari lipite tu. Ova."

Sista hajageuka, anahesabu mapigo ya Mama.

"Andika na hiyo," amesema.

Nimeandika. Saa tano na dakika ishirini na mbili. Mama amefumbua macho, na kule barabarani nasikia gari la hospitali likija.