Kikasha Ndani ya Kiatu cha Bwana Harusi

Mughalpura, Haidarabad
Ijumaa mchana

Dada yangu mpenzi Mahjabin,

Assalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia kimeona haya kikaondoka. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini mdomo wake hauna tatizo lolote. Kila asubuhi anauliza kwa nini hupigi simu, na ukipiga anakulaumu kwa nini hukupiga jana. Baba anakusalimu sana. Nisalimie mjomba, mkewe, na wanafunzi wako wote hapo Gulbarga. Nimeona niandike badala ya kupiga, kwa sababu simu ya kwa mjomba husikilizwa na nyumba nzima, na haya ni ya macho yako peke yako.

Barua yako niliipata. Nimefurahi kwamba kuna watu wanataka kuja kukuona, na kwamba huyo mwanamume ni mwalimu wa hesabu na anapenda kucheka. Lakini ulipofika pale uliponiuliza, kwa kuwa nafanya kazi duka la miwani, ni lenzi zipi za kuvaa ndani ya jicho zinafaa zaidi, za siku moja au za mwezi, ili uwaone wageni bila kuvaa miwani usoni, niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji. Jibu nitakupa, dada, usiwe na haraka. Ila kwanza ngoja nikupe habari za harusi ya Shujaat.

Ndiyo, Shujaat yule yule, mwana wa Bi Kudsia. Usiirarue barua. Najua tulikubaliana jina hilo lisitajwe nyumbani kwetu, lakini mimi sikuwahi kulisahau hata siku moja. Wewe ulilia ukanyamaza. Mimi sikulia, ndiyo maana sikunyamaza moyoni.

Nakumbuka kila kitu kwa sababu nilikuwa nyuma yako na sahani ya biskuti. Bi Kudsia alikula sambusa zetu, akasifu chumvi yake, kisha akakwambia uvue miwani aone sura yako vizuri. Ukavua. Akakwambia sasa mimina chai, hivyo hivyo bila miwani. Ukamimina kwenye kisahani, ukamimina kwenye kitambaa cha meza, na iliyobaki ikakuunguza mapajani, nawe ukasema samahani kana kwamba umemuunguza yeye. Bi Kudsia akacheka mpaka mtandio ukamvuka kichwani. Akasema, "Haya jamani, nimekuja kumtafutia mwanangu mke au mtu wa kumshika mkono barabarani? Mimi wajukuu wa kupapasa ukuta siwataki!" Shujaat alikaa kimya, kainamisha macho kwenye zulia tangu alipoingia mpaka alipotoka. Mama, pamoja na hasira zake zote, alisema baada yao kuondoka kwamba walau kijana ana haya, hakumkodolea macho binti wa watu.

Siku ile ile uliifungia miwani yako kwenye droo. Kisha ukaenda Gulbarga, ukawa unafundisha darasa ambalo nyuso za dawati la nyuma huzijui. Unadhani sijui? Mke wa mjomba aliniambia.

Sasa sikiliza. Muda mfupi kabla ya Ramadhani, mchana wa joto, mlango wa duka ulifunguliwa akaingia Bi Kudsia mwenyewe, anahema, na nyuma yake mwanamume amevaa miwani minene kama vitako vya chupa za soda. Dada, alikuwa Shujaat. Nilikuwa na nikabu yangu, macho tu nje, hawakunitambua. Bi Kudsia aliinamia kaunta akaninong'oneza kama anayenunua haramu. Alisema, "Mwanangu, tuna harusi baada ya Idi. Upande wa bibi harusi hawajui habari za miwani, na sitaki wajue. Kuna vile vya kutumbukiza jichoni?" Nikauliza kijana amevaa miwani tangu lini. Akajibu tangu darasa la kwanza, lakini huwa anavua akienda kwa watu.

Huwa anavua akienda kwa watu! Ndipo nilipoelewa zile haya zilizosifiwa na mama. Hakuinamisha macho kwa adabu. Alikuwa haoni chochote zaidi ya zulia, na zulia lenyewe pengine alilibahatisha. Wote wawili mliketi sebuleni mkiwa hamuonani, na mmoja tu ndiye aliyechekwa.

Daktari wa duka alimpima, kisha akaniachia mimi niwaeleze aina. Niliwaeleza kwa haki. Nikasema za siku moja unavaa asubuhi unatupa usiku, huoshi chochote, na unaweza kubeba jozi ya akiba popote. Za mwezi ni jozi moja tu, kila usiku unazivua, unaziosha kwa maji yake ya dawa na kuzilaza kwenye kikasha chake. Shujaat akasema yeye angependa za siku moja, maana angekuwa na akiba. Mama yake akamkatiza. Kila asubuhi vifuniko viwili kwenye pipa la taka, mfanyakazi atauliza ni vya nini, na akishauliza huyo mtaa mzima umejibiwa. Akanigeukia mimi nimuunge mkono. Nikamuunga. Nikasema kweli kabisa Bi Mkubwa, kwa mtu mwenye jambo la kuficha, za mwezi zina siri zaidi. Na siku ya harusi jozi moja inamtosha, kwani ana macho mangapi?

Kisha Shujaat akauliza swali ambalo kidogo lininyime usingizi kwa furaha. Aliuliza kama udhu unasihi ukiwa nazo jichoni, maana maji hayafiki, kama vile rangi ya kucha inavyozuia maji. Mimi najua, wewe unajua, hata wanafunzi wako wanajua kwamba ndani ya jicho hapaoshwi. Ningeweza kumjibu kwa neno moja. Nilishona mdomo, nikasema mambo ya dini waulizeni wenye elimu. Bi Kudsia akatoa fatwa yake palepale dukani kwamba azivue kila akitawadha, ndiyo salama. Nikawafungia mzigo wao nikawatakia heri.

Kabla hawajatoka aliropoka kuwa bibi harusi ni binti wa mwalimu Karimuddin wa Mughalpura. Yaani Sumaira, dada, Sumaira wa nyumba inayotazamana na yetu! Yeye sikutaka aingie kichwa kichwa, kwa hiyo jioni ile ile nilivuka barabara nikamwambia yote. Alicheka. Alisema baba yake hulala na miwani, hivyo mume mwenye miwani kwake si ajabu, kinachomuudhi ni kufichwa. Aliniomba nisimwambie mtu, atalimaliza mwenyewe. Nikakubali kutosema. Kutenda hakunizuia.

Siku ya harusi ilifika. Nilivaa lile gauni la kijani uliloniachia. Biriani ilikuwa nzuri, hilo siwezi kuwanyima. Bwana harusi alifika na pazia lake la maua usoni, anaona kama mwewe, anawapungia watu mkono mpaka wa mlango wa pili, na Bi Kudsia anatembea nyuma yake kifua mbele. Nikah ikafungwa. Ikaingia magharibi, wanaume wakaenda kutawadha, na sisi wasichana wa upande wa bibi harusi tukajificha nyuma ya pazia tukisubiri viatu, si unajua mchezo wetu wa kuviiba viatu vya bwana harusi mpaka avikomboe kwa pesa. Nikamwona Shujaat kando ya bomba. Kanzu yake ya harusi, ile ndefu ya nakshi, haikuwa na mfuko hata wa kutilia tasbihi. Akavua lenzi zake akageukia ukutani, akazilaza kwenye kikasha, na kikasha, kama wanaume wanavyotia saa na pete, akakisukuma kwenye ncha ya kiatu. Swala ilikuwa imeshaanza, akaingia mbiombio, lenzi atazivaa akitoka.

Viatu nilivichukua mimi. Wenzangu walipiga vigelegele, hawakujua tumeiba nini.

Alipotoka akakuta pale patupu. Walimtania, "Shemeji, kiatu kimekwenda kwao!" na upande wake wakaanza kubishana nasi bei ya kukomboa, kama kawaida. Yeye alikuwa anatoka jasho. Alilipa bila kubishana, mpaka rafiki zake wakamzomea kwa kutuachia ushindi rahisi hivyo. Nikamrudishia viatu kwa mikono yangu. Akatia mkono ndani ya kimoja, akatia ndani ya kingine, akapapasa mpaka ncha. Dada, akapapasa! Akauliza kwa sauti ndogo kama hapakuwa na kitu kingine humo. Nikamuuliza kitu gani tena, shemeji, si miguu tu ndiyo inayokaa humo? Angesema nini? Akavaa viatu akaenda zake, na kikasha kimetulia ndani ya mkono wa gauni lako la kijani.

Basi wakamleta kwetu wanawake kwa ajili ya kioo, ambamo bwana na bibi harusi huonana uso kwa mara ya kwanza. Alipofika mlangoni alitakiwa amwamkie mama mkwe. Akapita mbele ya mama yake Sumaira bila hata kupunguza mwendo, akamwinamia kwa heshima zote mwanamke wa saluni aliyekuja kumpamba bibi harusi, akamwomba dua. Kicheko kikapita, wakadhani ni wasiwasi wa bwana harusi. Wakamkalisha mbele ya Sumaira, wakawafunika shela vichwani, Msahafu na kioo katikati, na mashangazi wakaanza kumuuliza unaona nini humo, mkwe, tuambie unaona nini. Akasema anaona mwezi. Wakauliza mwezi umevaa kipini upande gani wa pua. Akainamia kioo, akainama zaidi, pumzi yake ikakitia ukungu, kilemba kikagonga kioo na kioo kikamwangukia Sumaira mapajani. Bibi yake Sumaira, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Nyie, huyu mtoto haoni!"

Na Sumaira, ambaye kama bibi harusi hatakiwi kufungua kinywa, alisema kutoka chini ya shela, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Mleteeni miwani yake."

Nilimtazama Bi Kudsia. Nilikuwa nimengoja miaka kumtazama hivyo. Uso ulimsinyaa kama aliyetafuna ndimu, na wanawake wote wakamgeukia. Akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa ile miwani minene. Alikuwa ameibeba siku nzima. Nikacheka, dada, nilicheka kwa sauti, na nikajua kicheko changu kimemfikia.

Kilichoniudhi ni kilichofuata. Shujaat aliivaa, akakitazama kioo, akatazama muda mrefu mpaka vicheko vikaisha, akasema tu, "Kumbe ndiye wewe." Na Sumaira akatabasamu. Sikuwa nimekiiba kile kikasha ili watu watabasamu.

Lakini hapo sikuwa nimemaliza. Siku chache baadaye Bi Kudsia alikuja dukani peke yake, kurekebisha miwani ya mwanawe, maana sasa anaivaa hadharani. Nilimhudumia. Kisha nikainua nikabu. Nikamuuliza kama ananikumbuka, mimi ndiye niliyeshika biskuti siku dada yangu alipojiunguza chai. Alinitazama, akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Nilikuwa namtafutia mwanangu macho, binti. Wote wawili wasipoona, mimi nikifa, nani atamwonyesha mwenzake njia? Alipovua miwani dada yako, nilimwona Shujaat wangu vilevile, nikaogopa, nikacheka."

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kuliko yote. Hukukataliwa kwa sababu una kasoro. Ulikataliwa kwa sababu ulifanana na kasoro aliyoificha ndani ya nyumba yake. Nilimhurumia? Kidogo. Kisha nikaikumbuka ile chai. Akaniomba nikufikishie samahani yake; nikamwambia samahani hailetwi na mjumbe, apande treni akuletee mwenyewe. Akaniomba anwani. Sikumpa.

Sasa jibu la swali lako. Za siku moja zinamfaa anayevaa mara mojamoja, hana la kuosha. Za mwezi zinamfaa anayevaa kila siku na ana subira ya kuzitunza. Siku utakayozitaka kwa raha yako, kwenye harusi yangu mimi au kwa kucheza mvuani, nitakuchagulia mwenyewe zilizo bora dukani. Kwa ajili ya wageni hao, sikuuzii hata moja.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta miwani yako ya droo; nimeitia vioo vipya na kukaza mikono yake. Pembeni yake kuna kikasha cha Shujaat. Lenzi zimekaukia humo, ukizigusa zitavunjika kama ganda la kitunguu saumu. Wageni wakija, mimina chai ukiwa umevaa miwani. Na kama mama wa huyo mwalimu wa hesabu atakwambia uivue, mpe kikasha hicho akifungue, umwambie ni zawadi kutoka kwa mdogo wako wa Haidarabad.

Mama anasema uje Idi kubwa, na usije mikono mitupu. Baba anasema uje tu. Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniuliza pia, wajue nipo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Tahsin