Simba Jike Amekufa, Mutoto Hatoki

Kwa Yaya Mputu, Dilolo

Yaya, katika Kolwezi yote hakuna anayekufa bila ruhusa yangu. Simba, mamba, hata joka la vichwa vitatu: nikisema limekufa, linatolewa mezani, nikisema bado, linaendelea kuuma. Haya, najua umeshika kichwa. Ngoja nikusalimie.

Jambo sana, yaya wangu, dada yangu mkubwa. Uko muzima? Mugongo unakuuma bado, ao umeacha kubeba mifuko ya samaki sawa vile wewe ni kreni? Shemeji naye anarudi nyumbani mapema, ao kila siku kosa ni la treni? Mi niko muzima, nimenenepa kidogo, na wasichana wa hapa wanateseka juu yangu. Hilo la mwisho usimwambie mama.

Kwa simu ulinigombeza: "Nasikia unacheza karata. Karata ni kamari, Dodo." Apana, yaya. Hizi haziko zile karata za batu ba baa. Ni kadi za wanyama wa kupigana. Kila mtu anakusanya zake, anabadilishana na wenzake, anapanga jeshi lake. Chini ya picha wameandika nguvu za mnyama, Kifaransa chembamba kama miguu ya siafu. Wachezaji wengi wanaangalia picha tu, halafu wanapiga kelele. Mi nasoma. Ndiyo, mi, yule aliyefukuzwa darasa la tano, mwalimu akasema nitaishia kusoma bei ya mihogo! Nasoma polepole, lakini nafika. Njo maana wakigombana wanaita: "Arbitre! Arbitre eko wapi?" Basi mwamuzi wao natoka chini ya lori la Tata Saleh, mikono inadondosha maji ya sabuni, na batu bote bananipisha.

Huyo Tata Saleh, mwenye malori ninayoosha, ndiye aliyeleta mashindano. Alisema mshindi atashika duka lake dogo la kadi na vocha: kukaa kivulini, kuuza, kulipwa kila mwezi. Trezo, mtoto wa nyumba ninapolala, alikitaka kile kiti kuliko chakula. Baba yake, Tata Kalala, anachimba madini kule mgodi wa Mashamba. Alimwambia: "Ukishinda, kaa dukani. Ukishindwa, hizo kadi unaacha, tunashuka shimoni sisi wawili." Na Trezo anaogopa shimo, yaya. Hata kisima anakichungulia kwa mbali.

Akafika fainali. Mbele yake Mwadi, binti wa mama muuza mikate, mdomo wembe.

Mwadi alikuwa na Ndege wa Kimya mezani. Ndege huyo akiwa hai, wanyama wengine wote nguvu zao zinalala. Trezo alikuwa na Simba Jike: akifa anaacha mutoto, na mutoto anapigana palepale. Basi Trezo akatupa Mafuriko, kadi inayoua wote kwa pamoja. Ndege chali, simba chali. Trezo akaruka juu.

"Ndege amekufa! Kimya kimeisha! Mutoto anatoka!"

"Mutoto gani?" Mwadi akasema. "Mama yake amekufa mdomo umefungwa."

"Lakini ndege ameondoka!"

"Bameondoka pamoja, kaka. Weye ulishaona wapi maiti inazaa?"

"Arbitre!"

Nikapangusa mikono kwenye suruali. Nikasoma kadi zote mbili, kidole chini ya kila neno, kisha kijitabu cha sheria. Tata Kalala alikuwa amesimama nyuma na buti zake za udongo. Nikasema: "Sikieni. Kila mnyama anakufa vile alivyokuwa. Maji yalipofika, ndege alikuwa angali hai, na simba alikuwa hana nguvu. Aliyefungwa mdomo, kifo hakimufungui. Simba Jike amekufa, mutoto hatoki."

Yaya, kelele! Tata Saleh akampigia arbitre mkubwa wa Lubumbashi, akaweka sauti ya simu juu, akamueleza yote.

"Nani amekata hiyo kesi?"

"Kijana wangu wa kuosha malori."

"Amekata sawa. Hapa kwetu wengi wanaikosea."

Wakaninyanyua kama bwana harusi. Tangu siku ile wananiwekea kiti chenye mgongo. Mwadi, ambaye sasa eko dukani, alinipa mikate miwili akasema, "Usijidanganye, imelala." Mi nikala kwa madaha.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe ni hakimu. Nisalimie nkambo, babu yetu, umuulize kama bado anaficha tumbaku chini ya mto. Shemeji nisalimie nusu tu, ile nusu nyingine nitampa akiacha kuchelewa. Na Mama Kashala jirani, anayekusuka nywele, mwambie nikirudi nitamuletea kitenge.

Hapa nilitaka kuandika jina langu, nikashindwa. Wewe umenilea, utasoma utasema, "Huyu kuna kitu ameruka." Kipo.

Siku chache kabla ya fainali tulikuwa tunakula bukari, ugali wa jioni, Trezo akaweka kadi mbili kando ya sahani, Simba na Ndege. "Dodo, nikiwaua pamoja, mutoto anatoka?" Sikuzishika hata, mkono ulikuwa na mboga. Nikamwambia, "Anatoka. Arbitre ni nani hapa?" Akanishukuru, yaya. Akapanga jeshi lake lote juu ya neno langu.

Nilipokata, hakumwangalia Mwadi. Aliniangalia mi. Angefungua mdomo, kiti chenye mgongo nisingekiona. Akakusanya kadi zake, akamfuata baba yake. Tunalala godoro moja mpaka leo. Asubuhi anavaa buti za shimoni polepole asiniamshe, na mi najifanya nimelala.

Mudogo wako,
Dodo