Chupa Niliyoiosha Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Miguu inawaka moto. Nimeosha chupa za maabara ya hospitali hadi vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni.
Wifi yangu, mke wa kaka, amelazwa hapahapa. Tumbo kama ngoma, mikono kama vijiti. Majirani walishampongeza kwa mimba! Daktari anasema ni maji: ama kifua kikuu kimeingia tumboni, ama ni uvimbe mbaya. Kikuu — vidonge miezi sita. Uvimbe — kisu. Maji yakipimwa ndiyo itajulikana.
Wifi kaniona na ndoo. Eti daktari wa mabeseni, umekuja kunipima? Mwili umekwisha, ulimi mzima.

Jumanne, 5 Machi
Wamemchoma sindano ubavuni. Maji ya manjano, kama mafuta ya kupikia. Chupa mpya zimeisha wodini, nesi anahaha. Nikakimbia kuleta yangu, inayong'aa kuliko zote. Nilijiona mtu!

Jumatano, 6 Machi
Mpimaji, tunayemwita Miwani, kainamia hadubini mpaka nikadhani kalala. Hakuna kijidudu. Mashine nayo: hakuna. Ila anashangaa, maji safi mno, hata chembe za mwili zimeyeyuka.
Mimi sishangai. Miaka kumi na moja nafuta meza huku nasikiliza: dawa ya kuulia vijidudu haichagui. Chupa zangu nazimalizia kwa dawa hiyo, mara mbili. Ile, kwa ajili ya wifi, niliongeza ya tatu kabla ya kumpa nesi, bila kuisuuza.
Sijasema. Nimefuta meza ileile mara nne.

Alhamisi, 7 Machi
Upasuaji kesho. Kaka kashika kalamu atie sahihi. Daktari anamweleza kwamba vipimo vimeonyesha si kikuu.
"Daktari, mlichopima ni dawa yangu ya kuoshea chupa," nikasema.
Kaka kanitazama kama mgeni. Kalamu kaiweka chini.
Sasa niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu wa maabara. Wameagiza atolewe maji mengine. Wifi kapitishwa kwenye kiti cha magurudumu, kamwambia nesi asimame.
"Chupa ya leo kaiosha nani?"
"Mpya, wifi. Haijafunguliwa."
"Haya." Kavuta pumzi. "Usiende mbali. Kaka yako hawezi kungoja peke yake."
Mlango umefunguliwa. Mkuu ananiita kwa jina langu kamili — miaka yote hii, sikujua kama analijua.