Ufunguo wa Kompyuta Kumi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Zuhura kafa. Alfajiri, hospitali. Malaria ilimpanda kichwani. Mke wangu, tumeishi pamoja miaka kumi na nane.

Leo sikwenda kufuta vumbi kompyuta za shule. Mara ya kwanza tangu Wazungu wazilete.

Tumezika baada ya alasiri. Kaburi kachimba Athumani, yule tunayefyeka naye majani shuleni. Mchanga wa huku unabomoka, lakini alilochimba yeye lilisimama vizuri. Watu wote Athumani, Athumani. Mie nimesimama tu, kofia mkononi. Kwenye maziko ya mke wangu mwenyewe nikamwonea wivu mtu wa koleo. Ndo hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Watu wamejaa. Naandika uani, kwenye karatasi zile ndefu zenye vitobo pembeni. Kule chumba cha kompyuta zinatupwaga. Mkuu wa shule ndo alinianzisha kuandika. Alisema kila siku andika ngapi nzima, ngapi mbovu. Nikazoea, nikawa naandika na mengine. Jumamosi zilikuwa nzima kumi. Leo sijui.

Mkuu kaja kutoa pole. Mama wa maneno machache. Kanipa mapumziko mpaka Jumatatu. Halafu kanyoosha mkono. Anataka ufunguo wa chumba cha kompyuta.

Nilidhani atauweka ofisini. Kampa Athumani, hapohapo, mbele ya watu.

Nimekaa nao miaka miwili ufunguo ule. Una kamba ya kanga, Zuhura kaisokota. Umeondoka na kamba yake.

Jumatano, 6 Machi

Leo hitima. Athumani kabeba maji madumu sijui mangapi. Wanawake wanamwombea dua. Jioni kaja kukaa mkekani kwangu.

"Kaka Saidi, kule ndani kuna la kujua? Nisije nikaharibu."

"Vua viatu mlangoni. Fagia, futa, funika."

"Basi tu?"

"Umeme ukikata, zima swichi kubwa. Ukirudi, washa. Basi."

Sikumwambia habari ya mashine ya unga.

Naiandika hapa maana hakuna mwingine anayeijua. Umeme wetu kukata si hatari. Hatari ni kurudi. Unarudi na nguvu, taa inawaka nyeupe kama inataka kupasuka. Nyuma ya ukuta wa shule kuna mashine ya kusaga. Mwenyewe kaunguza mota mara mbili, sasa hawashi mpaka aone umeme umetulia. Basi nilikuwaga namsubiri yeye. Akiwasha, nasikiliza. Ikinguruma sawasawa bila kukwama, ndo na mie nawasha swichi. Sikufundishwa na mwalimu. Niligundua mwenyewe, mie wa darasa la nne.

Kwa nini nimpe? Sifa za kaburi kachukua. Ufunguo kachukua.

Alhamisi, 7 Machi

Watu wameondoka. Nyumba kubwa ghafla.

Nimetoka kununua mafuta ya taa, nikapita kando ya shule. Walimu barazani wanamwita Athumani "Injinia". Jina langu hilo. Walikuwaga wananitania nalo, mie najifanya nakasirika. Kumbe nalipenda.

"Huyu Injinia mpya anacheka," kasema mmoja. "Yule wa zamani ukikanyaga na kiatu anakutoa kama mlevi!"

Wakacheka. Hawakuniona.

Dirishani nikaona vifuniko. Vya kitambaa cha marekani, vyeupe. Zuhura kavishona kwa mkono, kumi. Kila kimoja kakipindia ukingo wa kanga tofauti, nisichanganye cha mashine hii na ile. Athumani anavikung'uta. Anavikunja. Anaviweka kila kimoja juu ya kompyuta yake, vilevile ninavyofanya mie. Nikaona kama kamshika mke wangu.

Nikaomba Mungu, Athumani aharibu kitu. Siku ya nne ya msiba, dua yangu ndo hiyo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kutoka kuswali, umeme ukakata. Mashine ya unga ikanyamaza. Hapa kwangu inasikika vizuri.

Nusu saa hivi, taa ya chumbani ikawaka. Nyeupe kabisa. Mashine ya unga bado kimya.

Nikajua.

Shule si mbali. Ningekimbia ningewahi. Nilikaa kitandani, upande wa Zuhura. Nikavua kandambili, nikazipanga vizuri. Nikasikia watoto wa shule wanapiga kelele.

Jioni jirani kaleta habari. Kompyuta nne zimetoa moshi. Athumani kaungua mkono. Mkuu kamwambia Jumatatu arudishe ufunguo na asionekane tena pale.

Nilifurahi. Naandika kweli. Nilifurahi mpaka nikala ugali wote. Nilikuwa sijala vizuri tangu Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi

Athumani kaja. Mkono kaufunga kitambaa. Kaleta furushi.

Vifuniko. Kumi vyote. Kimoja kimeungua nusu, kile chenye ukingo wa bluu.

Kumbe moshi ulipoanza alizima swichi, akatoa watoto, halafu akarudi ndani. Akavikusanya. Hicho cha bluu kilishashika moto juu ya kompyuta, akakizima kwa kiganja.

"Nilijua kavishona shemeji," kasema. "Kompyuta Wazungu wataleta nyingine."

Kavifua. Kwa mkono mmoja.

Halafu akaniomba msamaha. Yeye ndo ananiomba mie.

"Nilizima kama ulivyosema. Taa iliporudi nikawasha. Sijui nimekosea wapi, kaka."

Nikampa maji. Kanywa, kaondoka. Ana watoto watano.

Nimevitandaza kitandani. Mie ningeingia kwenye moshi ule ningeokoa kompyuta. Nisingekumbuka vifuniko. Najijua. Hata kumkumbuka Zuhura, Athumani kanishinda. Nimemchukia kwa hilo kuliko kwa ufunguo. Nimejichukia na mie.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi nimekwenda kwa Mkuu, nyumba za walimu. Kanikaribisha kiti. Sikukaa.

"Mama, Athumani hana kosa. Nilijua, sikumwambia."

Nikaeleza mashine ya unga yote. Kasikiliza mpaka mwisho. Kaniuliza kwa nini.

"Wivu," nikasema. Sikuwa na neno jingine.

 Chai yake ikapoa. Kasema hanifukuzi, kwa ajili ya msiba tu. Ufunguo unabaki kwa Athumani. Mie nirudi kwenye majani.

Nikaenda kwa Athumani. Nikamwambia Mkuu kamwachia ufunguo, twende. Tumesimama nyuma ya ukuta wa shule, wanawake na madebe yao ya mahindi wanatushangaa. Mashine ikawashwa. Ikakoroma, ikakwama kidogo, ikakaa sawa.

"Hapo," nikamwambia. "Ukisikia hivyo, ndo unawasha. Kabla ya hapo usiguse."

Kanitazama.

"Ulikuwa unajua tangu siku ile nakuuliza?"

"Ndiyo."

Kaangalia mkono wake. Nilingoja matusi. Ningeona afadhali. Hakutukana. Katoa ufunguo mfukoni, kaanza kufungua kamba ya kanga kwa meno, maana mkono mmoja hauwezi. Sikumsaidia. Kanipa kamba. Ufunguo kaurudisha mfukoni.

"Vifuniko utavileta," kasema. "Vumbi jingi." Akaondoka. Hakunipa mkono.

Vifuniko nimevikunja. Kile cha bluu nimekishona palipoungua. Mshono mbaya. Zuhura angenicheka.

Nzima sita, mbovu nne.

Kamba nimeifunga kwenye mpini wa fyekeo. Fyekeo nimelinoa. Kesho narudi kazini.