Mume Wangu Mgonjwa Anataka Kuiona Ngome

Dada mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono maana nimekwama. Mume wangu ni dereva wa lori, miaka yote alikuwa anapita chini ya ngome moja ya zamani, ya mawe, juu ya kilima, na hajawahi kuingia kwa sababu mzigo haungoji, alikuwa ananiambia, "Ile ngome nimeipigia honi mpaka nimechoka, haijaniitikia hata siku moja," basi tunacheka, tunapanga siku moja tusafiri sote, mimi, yeye na mtoto wetu anayeanza kutembea, tuzunguke mle ndani kama watalii. Sasa ini limeharibika, tumbo limejaa maji, amebaki macho. Wiki iliyopita daktari alituruhusu, akasema hakuna haja ya kurudi kliniki, nikampe nyumbani chochote anachotaka, nami nilifurahi sana dada, nikajua anapona. Lakini anachotaka ni ngome, tena anaitaka sasa, nikimwambia asubiri apate nguvu ananipa mgongo, anageukia ukutani. Mama mkwe naye anasema, "Mgonjwa hapelekwi kutazama mawe. Akizidiwa huko, usirudi kwangu." Nikingoja kama mwezi hivi, si atakuwa na nguvu?

Mama mwenye matumaini

Marahaba, mdogo wangu. Nimetafuta njia ya kukujibu taratibu, sikuipata. Daktari akisema hakuna haja ya kurudi, mpe anachotaka, hajasema mtu amepona. Amesema dawa zimefika mwisho. Alipaswa kukuambia waziwazi, na nimemkasirikia. Lakini na wewe, mama! Mtu anakupa mgongo, anageukia ukutani, unaona anapona? Mwenzio anajua. Ndiyo maana ana haraka.

Huna mwezi wa kungoja. Kesho asubuhi nenda kwa daktari huyo umuulize bila kuzunguka: amebakiza muda gani, na anaweza kusafiri? Akikataa, mweleze mumeo ukweli huo, usimdanganye tena. Akikubali, omba dawa za maumivu za njiani, kisha waombe madereva wenzake gari dogo. Asipande ngazi hata moja. Mkalishe uani penye kivuli, mtoto acheze miguuni pake. Akitaka kusema ya mwisho, usimnyamazishe. Ukitaka kulia, lia, hatashangaa.

Mama mkwe wako si mbaya, anaogopa. Mwombe aje nanyi. Asipokuja, na lolote likitokea huko, mwambie ni mimi niliyekutuma.